Kunyoa makwapa na kule chini bila kuwashwa wiki nzima, tupeane uzoefu

Mama Vitenge
Wapendwa habari zenu. Naomba hapa tusioneane haya, sote tuna kwapa. Mi niko Kampala, nauza vitenge pale Kikuubo, toka asubuhi nimesimama, joto, wapagazi wanapita na mizigo kichwani wanapiga kelele uwapishe, jioni naingia taksi tumebanwa wanne kiti cha watu watatu na mkono nimeinua nimeshika chuma. Kwa hiyo nywele za kwapa kwangu si mambo ya urembo, ni mambo ya kuishi na watu.

Shida yangu ni hii. Nikinyoa leo, kesho raha mustarehe, siku ya tatu nawashwa mpaka nakosa adabu, mteja anauliza bei mi nageukia ukutani nijifanye natafuta jora kumbe najikuna. Halafu vinatoka vipele vya usaha, vikipona vinaacha weusi. Kule chini ndio usiseme. Nilikuwa na vile viwembe vya plastiki vya nyembe mbili, nikaona labda ni vya bei rahisi nikapanda mpaka vya nyembe tatu, ikawa mbaya zaidi. Ssenga, yaani shangazi yangu, alinifundisha kung'oa kwa jivu nikiwa msichana, unapaka jivu kidogo vidole visiteleze unavuta kimoja kimoja, wakati ule nilikuwa na muda, saa hii nani ana muda wa kukaa uani saa nzima mkono juu.

Siulizi kipi kinang'arisha. Nauliza kipi kinakuacha ukae kwa raha. Semeni na yaliyowaharibikia pia.

Binti Bombo
Halawa dada yangu, ile sukari ya kupika ya kung'olea nywele. Sisi Wanubi tumekuta mabibi zetu wanatumia na sijaona cha kuizidi kwa kwapa na miguu. Sukari vikombe viwili, ndimu uikamue robo kikombe, maji robo kikombe, sufuria juu ya sigiri moto mdogo na usiondoke hapo. Inaanza nyeupe, inakuwa kama chai ya rangi, ikifika rangi ya asali unadondosha tone kwenye bakuli la maji baridi, ukilishika likiwa laini kama ubani uliotafunwa basi epua haraka. Mi mara ya kwanza nilienda kufungua mlango jirani kaja kuomba chumvi, tukapiga stori kidogo tu, nikarudi imekuwa pipi, watoto wakaivunja wakala wakaniuliza mama utapika tena lini.

Ikipoa ya kushikika unaifinyanga mkononi mpaka inakuwa nyeupe nyeupe. Asa hapa wengi wanakosea: unaibandika kinyume na nywele zilivyolala, unaivuta kwa kufuata zilivyolala, mkono karibu na ngozi, usiinue juu. Na ngozi uivute iwe imekaza. Nywele ziwe zimefika urefu wa punje ya mchele, zikiwa fupi zaidi haikamati unajitesa bure. Ikibaki kwenye ngozi unaosha kwa maji tu, ni sukari hiyo.

Inauma? Inauma, sikudanganyi. Mara ya kwanza nililia nikamtukana dada yangu aliyekuwa anavuta. Mara ya nne nilikuwa naongea na simu. Mi nakaa wiki tatu mpaka nne sijui habari ya kwapa. Karibu na siku zako usijaribu, ngozi inakuwa na uchungu mara mbili. Na kule chini usijivute mwenyewe kama mkono haujazoea, utaishia nusu umekwama na halawa imeshakuwa gundi.

Kijana wa Steji
Wanaume pia turuhusiwe kusema. Mi ni boda hapa Mbale, kutwa nzima nimekalia kiti cha ngozi bandia, jua la saa saba, mnajua wenyewe kinachopikika hapo. Nikaambiwa kuna krimu, unapaka, unafuta, kwisha kazi, hakuna wembe. Nikanunua. Maelezo yamesema dakika tano, isizidi kumi. Mi nimepaka nimekaa kwenye beseni nasikiliza mpira kwa redio, timu yangu imesawazisha dakika za mwisho, wakaongeza muda, banange nikasahau. Nilipokumbuka ni kama mtu kaniwekea pilipili. Ngozi ilitoka na nywele. Siku nne siendi steji, siku ya tano nikaenda naendesha nimekaa upande kama mama aliyepakiwa pamoja na mizigo yake, wenzangu wanauliza umepatwa na nini nasema mgongo. Mpaka leo wananipa pole ya mgongo.

Na ile harufu jamani. Mayai viza. Mama mwenye nyumba aligonga mlango kuuliza kama choo kimejaa.

Nesi wa Zamu
Nimecheka halafu nimehuzunika maana nawaona hawa kazini. Kijana, krimu ile inavunja ile protini inayoufanya unywele uwe mgumu, keratini, na ngozi yako ya juu imetengenezwa kwa keratini hiyo hiyo. Ndio maana dakika zimehesabiwa, haijui kutofautisha unywele na wewe. Jaribu kwanza kidogo kwenye mkono usubiri siku nzima, na usipake kwenye ngozi laini ya ndani kabisa au palipokwaruzika. Imeandikwa kwenye boksi ila herufi zenyewe ni za sisimizi.

Mama Vitenge, kuhusu vipele vyako. Nywele zetu zimejikunja toka shinani. Ukizikata karibu sana ile ncha inabaki kali, inakua inajikunja, inaingia tena kwenye ngozi, mwili unaiona kama mwiba unatengeneza usaha. Asa zile nyembe nyingi, ule wa kwanza unauvuta unywele juu, unaofuata unaukata, unywele unarudi chini ya ngozi. Safi siku ya kwanza, adhabu siku ya tatu. Kwa hiyo ulivyopanda bei ndivyo ulivyopanda matatizo, pole. Kama ni wembe basi uwe mmoja, mpya, oga maji ya vuguvugu kwanza, sabuni iwe na povu, fuata nywele zilivyolala, pita mara moja, na usiikaze ngozi. Najua Binti Bombo kasema kaza, yeye ni halawa, wembe ni kinyume. Dawa ya kwapa yenye spiriti usipake siku hiyo hiyo. Na vipele usivitumbue kwa kucha.

La wembe wa kuazimana sitanyamaza. Nyumba moja, wembe mmoja bafuni, mume, mke, shemeji. Virusi vya hepataitisi B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza, huvioni, damu yenyewe imeshakauka. Kila mtu na wake. Mwenye kisukari aachane na wembe kule chini kama anaweza, kidonda kidogo kwake si kidogo. Na dada anayeota ndevu nyingi kidevuni huku siku zake zinapotea miezi, huyo asihangaike na krimu tu, apimwe homoni.

Mzee wa Old Kampala
Assalaam alaykum wanangu. Sisi dini ilishatupangia, kwapa kung'oa, kinena kunyoa, na isipite siku arobaini. Mimi natumia ile mashine ya chuma ya kufungua juu unaweka wembe mmoja, niliinunua kijana, mpaka leo ninayo, nabadilisha wembe tu. Nikimaliza maji baridi, halafu mafuta ya shea yanayotoka huko kaskazini, Walango wanayaita moo yao, kidogo tu kiganjani. Sijawahi kuota kipele. Vijana mnapenda vitu vya haraka.

Kijana wa Steji
Shikamoo mzee. Ile krimu nilishaitupa.

Dada wa Ntinda
Mimi nilitafuta cha kumaliza kabisa, nimechoka. Nikaagiza ile mashine ya mwanga ya kutumia nyumbani, imekuja nimefungua kwa furaha, ndani kuna karatasi ina vibox vya rangi za ngozi, unalinganisha na mkono wako. Nikalinganisha. Rangi yangu iko kwenye kibox cha mwisho, kimepigwa alama nyekundu ya X. Yaani mwanga unatafuta weusi wa unywele, na ngozi yangu nayo ni nyeusi, ukiwasha unachoma vyote. Nilikaa kitandani naitazama ile karatasi kama barua ya kunyimwa viza.

Baadaye daktari wa ngozi akaniambia leza ipo kwa watu weusi ila iwe ile ya Nd:YAG, mwanga wake wa nanomita 1064 unapita chini zaidi bila kukamatwa sana na weusi wa juu, na afanye mtu aliyesomea, na si mara moja ni kurudi na kurudi. Nikapiga hesabu ya kurudi na kurudi, nikamshukuru nikaenda kununua trima.

Mvivu wa Jinja
Trima hoyee. Mi nilishaacha kutafuta ngozi ya mtoto mchanga. Napunguza zinabaki fupi, haziwashi kwa sababu hakuna kilichokatwa chini ya ngozi. Mzee nyumbani alilalamika mwanzoni, nikamwambia wewe mwenyewe anza na hizo za kifuani tuone. Kimya.

Mama Vitenge
Nimerudi, imepita miezi miwili na nusu. Makwapa nimehamia halawa, nilimpata mama mmoja wa Kinubi hapa Kampala ananifanyia Jumapili, mara ya kwanza nilimng'ang'ania mkono akaniambia nyabo niachie nifanye kazi. Mara ya pili afadhali. Weusi unaanza kufifia na sijageukia ukuta mbele ya mteja muda sasa. Kuna kinywele kimoja kimoja kinajikunja bado, nasugua na kitambaa cha maji ya uvuguvugu kinatoka.

Kule chini nimefuata ya Jinja, trima. Raha kweli, hakuna kipele. Isipokuwa Ijumaa iliyopita, kesho yake ni kwanjula ya mdogo wangu, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, nimeingia bafuni usiku nimeanza upande wa kulia, chaji ikaisha, nikachomeka, stima ikakatika mtaa mzima. Nimeenda kwanjula nimevaa gomesi, lile gauni letu refu la sherehe, nimepiga magoti nasalimia wageni, nusu hivi nusu vile. Anayejua trima ya betri za redio aniambie inauzwa duka gani.