Mrejesho: macho na mikono mbele ya jopo

Ahsanteni nyote mliojibu. Swali lilikuwa: kwenye mahojiano ya kazi, mbele ya jopo la watu 3, macho yaelekee wapi na mikono ikae wapi?

Jibu lianze kwa kumtazama aliyeuliza. Ukifika sentensi ya pili au ya tatu, hamishia macho kwa wenzake, kisha umalizie kwake. Ukimkodolea mmoja tu, wale wengine wanajiona hawamo. Sisi wa Pwani tumelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Ni adabu, lakini jopo laweza kuisoma kama kutojiamini. Ikikuwia vigumu, tazama katikati ya nyusi, hatatambua.

Jasho nalo ni kazi. Ukishuka feri ya Likoni usiingie ofisini moja kwa moja: kaa kivulini dakika 15, ufute viganja kwa hankachifu kavu. Mwanamume asitangulize mkono wa salamu kwa mwanamke. Akiweka wake kifuani, nawe weka wako.

Ile hesabu niliyotajiwa, eti ujumbe ni asilimia 55 uso na mwili, 38 sauti na 7 maneno, tuiache. Imetokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya 1967, nayo yalipima hisia kwa neno moja moja, wala si mahojiano.

Mikono: juu ya meza, vidole vimelegea, kalamu mbali, maana ikiwa karibu utaibofya tu, tak tak tak. Mtego mkubwa ni kiti cha kuzunguka. Nyayo zote mbili zikigusa sakafu, kinatulia.