Mstari mwekundu kwenye geji ya presha ya injini ndogo ya mvuke: upigwe kwenye kioo au ndani?

mvuke_midlands
Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Niko Uingereza na hapa nina modeli ya treni ya mvuke, ile ya reli za inchi 5 ambayo unakaa kwenye kigari nyuma yake na unaiendesha kweli kwa makaa. Boila ni ya shaba nyekundu, cheti chake kinasema presha ya kazi ni psi 90 (pauni kwa inchi ya mraba). Sasa mkaguzi wa klabu ameniambia kabla ya testi ya mvuke lazima geji iwe na mstari mwekundu kwenye hiyo 90, na geji yangu ni ya inchi 1, inasoma mpaka 150, imeandikwa 80 halafu 100, hiyo 90 yenyewe ni kakistari tu katikati. Nipige rangi juu ya kioo au nifungue niweke ndani? Na kuna jambo lingine, tulipoijaribu na pampu ya mkono pamoja na geji ya klabu, ya klabu ikiwa 90 ya kwangu inaonyesha 94. Je mstari uende kwenye 90 iliyoandikwa au pale mshale unaposimama?

fundi_boila_kericho
Ndugu karibu sana. Mimi si mtu wa modeli, mimi ni wa boila za kiwanda cha majani ya chai, ila hili ni lile lile. Huku Kenya sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka geji ya boila ionekane vizuri na mwendeshaji na iwe na alama ya rangi ya kujitofautisha kwenye presha ya juu inayoruhusiwa, na sheria ya viwanda ya huko kwenu ya 1961 ilisema hivyo hivyo, kwa hiyo huyo mkaguzi hakusumbui bure. Mtu anayechochea moto hana nafasi ya kusoma namba moja moja, macho yako kwenye maji, kwenye moto, mbele, akitupa jicho kwenye geji anataka kujua kitu kimoja tu, mshale umefika au bado.

Weka ndani. Kioo kinazunguka, usiku mmoja tu wa kukifuta na kitambaa kinaweza kuhama na mstari ukahama nacho na wewe usijue. Kama huna namna ila kioo, basi mstari uanzie kwenye kioo uvuke mpaka kwenye ringi ya chuma inayokishika, kikizunguka utaona mstari umekatika.

reli_na_mvuke
Naongezea hapo kwa fundi wa Kericho, kwenye geji ndogo kioo ni kibaya zaidi kwa sababu ya pembe ya macho. Piga hesabu mkuu: geji ya inchi 1 mshale wake una urefu kama milimita 9 kutoka katikati, na psi 150 zote zimetandazwa kwenye robo tatu ya duara, maana yake ncha ya mshale inatembea kama milimita 42 tu kutoka sifuri mpaka mwisho. Milimita moja ni psi 3 na nusu hivi! Wewe umekaa nyuma na juu, unaiangalia geji kwa mshazari, kati ya kioo na uso wa geji kuna nafasi, mstari ulio juu ya kioo unaweza kuuona umesogea milimita mbili na hapo tayari umekosea psi 7. Kwa hiyo ndani, kwenye uso wenyewe, na mstari uwe mwembamba, nusu milimita inatosha, ukichora mnene kama wa kalamu ya ubao hujui tena 90 ni ukingo upi.

Namna ya kufanya: toa geji kwenye injini kabisa, hizi ndogo ringi yake mara nyingi imebanwa tu, ingiza kisu chembamba zunguka polepole pande zote usilazimishe upande mmoja. Mshale usiuguse. Rangi ya enameli nyekundu na brashi ya nyuzi chache, au kata kipande chembamba sana cha stika nyekundu, kiwe nje kidogo ya njia ya mshale ili usije ukakikwaruza. Acha rangi ikauke kabisa ndipo urudishe kioo, la sivyo utapata ukungu ndani.

mvuke_midlands
Asanteni sana, ya kioo nimeelewa, naweka ndani. Bado hiyo ya 94. Mwenzangu mmoja klabuni anasema piga mstari kwenye 94 kwa sababu ndiyo 90 ya kweli, mwingine anasema weka 90 tu maana inakosea upande wa salama.

fundi_boila_kericho
Hapana kwa wote wawili. Mstari kwenye 94 ni kuficha ugonjwa wa geji, kesho mtu mwingine anaendesha au mkaguzi mwingine anakuja anakuta cheti kinasema 90 na mstari uko kwingine, amwamini nani? Na kuiacha tu kwa sababu inasoma juu leo, nani kakuahidi kesho haitasoma chini? Inayosoma chini ndiyo hatari, unadhani uko 85 kumbe uko 95.

Kwanza ijaribu kwenye 30, 60, 90 na 120, upande wa kupanda na wa kushuka. Ikizidi psi 4 kila mahali basi mshale tu umehama kwenye mhimili wake, fundi wa vipimo ataung'oa kwa kivuta chake aurudishe geji ikiwa na presha ya 90 ya kweli, usiupange kwenye sifuri, maana unapotaka usahihi ni pale kwenye kazi. Lakini ikiwa tofauti inakua kadiri unavyopanda, hapo ni lile bomba lililopinda ndani, lile alilobuni Mfaransa Bourdon 1849, au vijiti vyake, na kwa geji ya ukubwa huo nunua nyingine. Ukishapata inayosema kweli ndipo upige mstari kwenye 90.

reli_na_mvuke
Nakubaliana naye kabisa, na jambo ambalo watu hawalifikirii: sefti valvu, ile inayotoa mvuke presha ikizidi, uliiseti kwa geji ipi? Kama ni hiyo hiyo yako basi valvu nayo imerithi kosa. Iseti kwa geji ya klabu. Kwenye testi ya mvuke watakuambia uwashe moto mkali, blowa (kibomba cha mvuke kwenye dohani kinachovuta moto) wazi, na presha isipande zaidi ya asilimia 10 juu ya mstari, yaani kwako mwisho 99. Na wakati wa testi ya maji, ile ya kuijaza boila maji na kuisukuma kwa pampu bila moto, toa geji yako weka plagi, boila mpya inasukumwa mara mbili ya presha ya kazi, 180, geji ya 150 utaiharibu siku hiyo hiyo. Zile za kurudia ni mara moja na nusu, 135, hata hiyo mimi naitoa.

garratt59
Swali dogo kwa faida ya wengine, mimi nataka kujenga modeli ya Garratt za daraja la 59, zile injini kubwa za mvuke za reli ya Afrika Mashariki zilizotengenezwa na Beyer Peacock, boila zake zilikuwa psi 225. Mstari wa modeli unafuata hiyo?

reli_na_mvuke
Hapana mkuu, unafuata cheti cha boila yako wewe. Shaba na unene wake na mishikizo yake vimepigiwa hesabu ya 80 au 90 au 100, jina la injini halibadilishi chochote. Ukipenda andika 225 kwenye kibati cha maonyesho, kwenye geji hapana.

mvuke_midlands
Sawa wakuu. Jumamosi naazima geji ya klabu najaribu hizo presha nne. Bomba la kwenda kwenye geji yangu limenyooka moja kwa moja kutoka kwenye boila, kuna shida?

fundi_boila_kericho
Ipo, na huenda ndiyo iliyokuletea hiyo 94. Likunje liwe na U au kitanzi likae na maji ndani, mvuke wa psi 90 una joto la nyuzi 160 na kitu, ukiingia kwenye geji wenyewe unalegeza lile bomba la ndani. Fanya hilo kabla ya kununua geji mpya.