MREJESHO: Jiko la gesi kwenye boti, mtungi umehamia sitahani

Wakuu, niliuliza kama mtungi wa kilo 6 unaweza kukaa chini ya jiko ndani ya kabini. Mlisema hapana. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na kutulia humo mpaka pampu au starta ya injini itoe cheche.

Sasa mtungi umesimama wima sitahani, umefungwa mkanda, ndani ya sanduku la faibaglasi linalofunguka juu tu. Chini kabisa ya sanduku kuna tundu la milimita 19 na bomba linaloteremka hadi nje, juu ya usawa wa maji, mbali na madirisha na ekzosi. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu: bomba likilegea katikati hukusanya maji, na gesi haitoki tena.

Regyuleta, kifaa cha kupunguza presha ya gesi, imo humo humo sandukuni. Kutoka hapo ni bomba la kopa (shaba) la milimita 8, kipande kimoja bila kiungo hadi kwenye valvu ya kufungia karibu na jiko. Inapopenya ukuta imevishwa mpira, maana mtikisiko wa injini huisaga kopa taratibu. Nyuma ya jiko ni mpira mfupi wa gesi.

Kupima: fungua mtungi, zima jiko, funga mtungi, tazama geji ya presha iliyo kabla ya regyuleta kwa dakika 15. Mshale ukishuka, tafuta kwa povu la sabuni, kamwe si kiberiti. Povu lioshwe kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi.

Kengele ya gesi bado haijafungwa. Kihisio chake kitakaa chini, juu kidogo ya maji ya ngama.