Mafundi wa Arusha na Moshi, acheni kuwauzia watu RAM kila gemu inapoganda

Wakuu, uzi huu nauleta kwa hasira, na mods naomba msiuunganishe na ule wa "laptopu gani nzuri".

Kuanzia Kaloleni mpaka Sakina, na ukishuka Moshi hali ni ile ile, chalii akifika dukani akisema gemu inaganda anapewa jibu mashine ikiwa bado kwenye begi: ongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine). Akiongeza na ikaganda tena, jibu la pili nalo liko tayari: mashine imechoka, tuachie hii uongeze hela tukupe nyingine. Kati ya jibu la kwanza na la pili hakuna aliyebonyeza Ctrl, Shift na Esc akafungua Task Manager na kutazama kinachoendelea ndani. Kazi ya dakika mbili, tena haina gharama. Labda ndiyo sababu haipendwi.

Nieleweke. Gemu ambayo tangu iwekwe haijawahi kukimbia kwenye mashine hiyo, sawa, huenda mashine haiiwezi. Lakini gemu iliyokuwa inacheza vizuri, mashine ile ile, mipangilio ile ile, halafu ikaanza kusuasua, hiyo usiikimbilie na bisibisi. Mara nyingi kuna programu iko nyuma inagombania prosesa, diski au RAM.

Tofauti unaiona kwa macho. Gemu ikienda fremu (picha) 60 kwa sekunde, kila fremu ina kama milisekunde 16.7 za kuandaliwa. Programu ya nyuma ikikwamisha kazi kwa milisekunde 50 tu, fremu tatu zimeshapotea na beki wako ameshapitwa. Ndiyo maana kipimo kinaweza kuandika wastani wa 55 na bado gemu ikakera. Inakimbia halafu inashtuka, inakimbia halafu inashtuka? Anza na vilivyo nyuma. Nzito mwanzo mwisho bila nafuu? Hapo angalia grafiki, joto na ubora wa picha uliochagua.

Sasa kuangalia kwenyewe, maana hata wanaoifungua Task Manager wengi wanafunga gemu kwanza. Huko ni kumpima homa mgonjwa aliyeshapona. Acha gemu iendelee, cheza mpaka ianze kuganda, ndipo utoke kwa Alt na Tab ufungue Task Manager. Likija dirisha dogo kwenye Windows 10, bonyeza More details. Kisha bonyeza neno CPU (prosesa) juu ya safu yake ili mlafi mkubwa apande juu. Fanya hivyo kwenye Memory, halafu Disk. Wengi huishia CPU, wakiona 25% wanasema mashine haina tatizo, kumbe safu ya pembeni Disk inasoma 100% na imekuwa nyekundu.

Hapo kwenye diski ndipo kwenye maumivu ya laptopu nyingi za mtumba. Bado zina diski ya kuzunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika, na mikono yake ya kusoma hutembea kwa pamoja, haiwezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Windows Search inajenga faharasa ya mafaili, antivairasi inakagua, Windows Update inafungua ilichoshusha, na gemu nayo inataka kipande kinachofuata cha ramani. Kila mmoja anapanga foleni. Gemu za ulimwengu mpana kama GTA V na Euro Truck Simulator 2 zinasoma diski safari nzima, kwa hiyo zinaumia zaidi. Gemu ya mpira husoma sana wakati wa kufungua uwanja, mechi ikianza inatulia. Ukiona mpira unakwenda vizuri na lori linaganda kila ukikaribia mji, umeshapata jibu nusu.

Ukitaka kumjua anayesoma, bonyeza Windows na R, andika resmon, fungua kichupo cha Disk. Pale unaona jina la programu na jina la faili lenyewe inalolisoma kwa muda huo. Fundi anayekutoza hela bila kuijua hii resmon anakisia tu.

Majina utakayoyakuta mara nyingi ni haya. Antimalware Service Executable ni Defender, antivairasi ya Windows yenyewe. Si kirusi, msiifute. Kama gemu umeitoa sehemu halali, ingia Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka mpaka Exclusions, ongeza folda ya gemu hiyo tu. Folda ya gemu, si diski C nzima! Nimeona ushauri wa kuondoa C yote na anayeutoa anajiita mtaalamu.

Halafu kuna hili la antivairasi mbili. Fundi analetewa mashine ina Defender, anaweka antivairasi ya kwanza, Defender inajiweka pembeni yenyewe, sawa. Kisha anaongeza ya pili "kwa usalama zaidi". Sasa kila faili gemu inalofungua linakaguliwa mara mbili, na kila mlinzi anamshuku mwenzake. Mteja analipa mara mbili ili mashine yake iwe nzito. Chagueni moja, au baki na Defender.

Kivinjari nacho. Unafunga dirisha la Chrome ukidhani umeifunga, kumbe ipo. Ingia Settings, System, zima ile ya kuendelea kuendesha programu za nyuma baada ya Chrome kufungwa. OneDrive ikipandisha picha zako wakati unacheza, isimamishe kwenye alama yake karibu na saa. Steam (duka la gemu la mtandaoni) ina mpangilio wa kuruhusu kushusha wakati unacheza, uzime. Kurekodi kwa nyuma kwenye Windows, kule Settings, Gaming, Captures, kuna kitufe cha kurekodi kilichotokea; ukikiwasha, mashine inarekodi muda wote hata kama huna mpango wa kutazama. Kwa mashine yenye grafiki ya ndani ya prosesa hiyo ni kazi ya ziada ya bure.

Kinachonipandisha presha kuliko vyote ni hizi programu za "game booster" na "RAM cleaner" zinazowekwa kwa kila mteja kama zawadi. Zinachofanya ni kuzilazimisha programu ziachie kumbukumbu, mshale wa RAM unashuka kutoka 80% hadi 45%, mteja anafurahi. Sekunde chache baadaye gemu inahitaji data zake zilezile, na nyingine sasa zinabidi zisomwe upya kutoka diski. Kuganda kumeongezeka. RAM iliyojaa si kosa. RAM iliyojaa na diski inahangaika kwa sababu hiyo ndiyo tatizo. Na booster yenyewe inajianzisha kila ukiwasha mashine, yaani umeongeza programu ya nyuma kutibu programu za nyuma.

Kuzima zinazojianzisha: Task Manager, kichupo cha Startup, panga kwa Startup impact, zile zenye High uzitazame kwanza, bofya kulia, Disable. Haizifuti, inazuia zisijiwashe tu. Za sauti, tachipedi na kadi ya grafiki ziacheni. Kwenye Windows 10 kuna swichi moja inayozima programu za duka la Microsoft kukimbia nyuma, iko Settings, Privacy, Background apps. Windows 11 imeiondoa swichi hiyo, unaingia programu moja moja: Apps, Installed apps, Advanced options, weka Never.

Nimemaliza kwa sasa. Mafundi mlio humu mjibu.

JIBU LA 1 (fundi, Moshi)

Mleta uzi, hasira zako nazielewa ila usitupake wote. Hizo antivairasi mbili na booster wateja ndio wanaojiwekea. Mteja anakuja na flashi yenye gemu za bure alizokopi kwa rafiki, ndani yake kuna mchimba sarafu za kidijitali (programu inayotumia mashine yako kwa siri kumtafutia mwingine hela), halafu gemu ikiganda lawama ni zetu.

Hilo umelisahau kabisa na ni kubwa. Dalili zake: feni inapiga kelele mashine ikiwa haifanyi kitu, ukifungua Task Manager kelele inashuka na CPU inarudi chini, ukiifunga inapanda. Baadhi ya programu hizo zimeandikwa zijifiche pindi Task Manager inapofunguliwa. Hapo tumia Process Explorer ya Sysinternals, ya Microsoft wenyewe na ni bure, au iache Task Manager wazi makusudi uone kama gemu inakuwa nyepesi. Ikiwa hivyo, endesha Microsoft Defender Offline. Mashine inajizima, inakagua kabla Windows haijawaka, kama robo saa hivi. Ikirudi tena baada ya hapo, mimi naweka Windows upya na sibishani na mtu.

Na nyie mnaozima Defender ili kiwashio cha Windows cha wizi kipite, mkumbuke Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mlango mmeuacha wazi na mlinzi mmemfukuza.

Jambo jingine, si kila kuganda ni programu. Kwenye Task Manager fungua Performance, CPU, soma Speed gemu ikiwa inaendelea. Ikishuka chini ya Base speed na kukaa hapo, prosesa inajipunguza kwa joto au kwa umeme mdogo. Huku kwetu mwezi wa pili, laptopu ikiwa juu ya kitanda, vumbi limeziba matundu, utahangaika na Startup mpaka kesho. Baadhi ya laptopu za Dell zisipoitambua chaja zinajishusha kasi zenyewe, kwa hiyo chaja ya kubahatisha nayo ni mtuhumiwa. Jaribu kwanza kwa chaja sahihi.

JIBU LA 2 (mdau, Ngarenaro)

Mkuu mimi nina swali: GTA V, RAM 4GB, grafiki ya Intel ya ndani. Nimefunga kila kitu bado. Nayo ni background?

JIBU LA 3 (mleta uzi)

Hapana mkuu, hapo RAM ongeza kwa roho safi. Gemu hiyo ilitoka kwenye PC mwaka 2015 ikitaja 4GB kama kiwango cha chini na 8GB kama kinachopendekezwa. Wewe 4GB yako inagawana Windows, gemu na grafiki, maana grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM hiyo hiyo.

Ila ukienda, usikubali kila kitu. Kabla ya kutoka nyumbani fungua Performance, Memory, soma palipoandikwa Slots used. Ikiwa 1 of 2, huna haja ya kutoa iliyopo. Ongeza nyingine ya aina ile ile, DDR3 kwa DDR3, DDR4 kwa DDR4, na kasi inayolingana. Vijiti viwili vinavyolingana hufanya kazi kwa njia mbili kwa pamoja, na grafiki ya ndani inafaidika sana na hilo kuliko kijiti kimoja kikubwa. Mchezo wa mjini ni kukutoa cha 4GB, kukuwekea kimoja cha 8GB, na kile chako kikabaki kwenye droo ya duka. Kidai.

Fundi wa Moshi, la mchimba sarafu nakubali, na la joto pia. La kwamba wateja ndio wanaojiwekea antivairasi mbili na booster, hapana. Mashine zinatoka madukani nazo.

JIBU LA 4 (mdau, Njiro)

Ongezeni la bando. Wanaocheza mtandaoni kwa hotspot ya simu, ping (muda wa mtandao kujibu) inaruka kwa sababu Windows inashusha masasisho, na Delivery Optimization inaweza hata kuwapandishia kompyuta nyingine. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi unayotumia, washa Metered connection. Masasisho mengi yanasubiri na bando linapona. Kisha Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization, zima kushirikiana na kompyuta nyingine. Siku ukipata intaneti ya maana, zima Metered, acha isasishe usiku kucha.

Na kama umezima vyote na hujampata mchawi: Windows na R, msconfig, kichupo cha Services, weka tiki Hide all Microsoft services KWANZA, ndipo Disable all, washa upya. Ukisahau hiyo tiki utazima hadi sauti na mtandao. Gemu ikipona, rudisha nusu ya hizo huduma, washa upya, cheza. Ikiganda, mchawi yuko kwenye nusu hiyo. Isipoganda, yuko kwenye nusu iliyobaki. Endelea kugawa mpaka ibaki moja. Wachezaji wa Valorant, Vanguard yake (programu ya kuzuia udanganyifu) lazima iwake pamoja na mashine, ukiizima gemu haifunguki mpaka uirudishe na kuwasha upya.

JIBU LA 5 (mdau, Majengo)

Vipi kuipa gemu priority (kipaumbele) ya Realtime? Kuna video inasema inaongeza fremu.

JIBU LA 6 (fundi, Moshi)

Usiguse Realtime. Gemu itazitangulia hata kazi za mfumo, kipanya na kibodi vinaanza kuchelewa na mashine inaweza kuganda kabisa. Ukitaka kujaribu, ishia High, kichupo cha Details cha Task Manager, bofya kulia kwenye gemu. Itasaidia kidogo kama tatizo ni prosesa. Kama Disk ndiyo iko 100%, haitasaidia kitu. Hapo weka SSD ya SATA (diski isiyozunguka) na ile ya zamani ibaki ya kuhifadhia. Na ukiniletea, njoo na picha ya Task Manager uliyopiga kwa simu gemu ikiwa inaganda, itatupunguzia maneno wote wawili.