Naomba ushauri: watu tunaowafundisha mambo ya tabianchi wanahama, tunaanza upya kila mara

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa mawazo maana hapa nimekwama kweli. Nasimamia kujenga uwezo wa wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi hapa Tanzania, ngazi ya taifa mpaka halmashauri. Ibara ya 11 ya Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi inasema kazi hii iongozwe na nchi yenyewe, na tumeahidi kupunguza gesijoto (gesi zinazoongeza joto la dunia) kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na hali ingekuwaje bila kuchukua hatua, tena kuna ripoti ya uwazi ya kila miaka 2 ya kuonyesha gesi tunazotoa, ingawa nchi zenye maendeleo duni kama yetu zimepewa unafuu wa muda, sasa bila watu wa kukokotoa gesi hizo tutaandika nini?

Shida ni kwamba tukishamfundisha mtu vizuri, anajua kukadiria gesi zinazotokana na ng'ombe (methani), mbolea na ukataji wa misitu, baada ya muda anahamishwa au anachukuliwa na mradi wenye mshahara mnono. Juzi nimefika ofisi moja, aliyefundishwa kaondoka, kaacha flash kwenye droo na faili la Excel halifunguki bila paswedi, iliniuma sana.

Nimejaribu kufundisha wawili wawili, nimeandika na mwongozo wa Kiswahili, umesaidia kidogo. Semina za hoteli siku 3 ndo sizitaki tena, mtu anarudi na cheti tu.

Naomba kujua, mliowahi kulea kada ya wataalamu serikalini mlifanyaje ujuzi ubaki ofisini? Na je, kozi niipeleke chuo kikuu kimojawapo au niweke wakufunzi kila kanda?