Naomba ushauri: hospitali ya kijijini kwa mkataba wa kusanifu na kujenga

Wakuu, naombeni mawazo ya waliowahi kusimamia mikataba ambayo mkandarasi mmoja anasanifu na kujenga, hasa hospitali za umma za vijijini.

Zabuni inaandaliwa kwa Kitabu cha Njano cha FIDIC (mkataba wa mfano wa kusanifu na kujenga wa shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), toleo la 2017: bei ya jumla, malipo kwa hatua. Kazi kubwa iko kwenye mahitaji ya mwajiri, yaani hati ambamo mwenye mradi anaeleza anachotaka kijengwe. Ukiandika tu "chumba cha upasuaji chenye hewa safi", mkandarasi atafunga kiyoyozi cha ukutani na kudai ametimiza, na kwa maandishi yako kweli ametimiza. Kwa hiyo tumeweka matokeo yanayopimika: hewa ibadilishwe mara 20 kwa saa, mgandamizo wa hewa ya ndani uzidi wa korido, na kinga ya chumba cha eksirei ikaguliwe na mtaalamu wa mionzi kabla ya plasta.

Nimekwama pawili. Kwanza, udongo na maji. Tukimtwika mkandarasi hatari yote, atapandisha bei kujikinga; tukiibeba sisi, kila mwamba utaleta dai la nyongeza. Je, mnapima udongo na kuchimba kisima cha majaribio kabla ya kutangaza zabuni? Pili, mnaruhusu msingi uanze kabla michoro ya maji taka na oksijeni haijakubaliwa? Muda unaookolewa hapo mara nyingi huliwa na kutoboa zege upya ili mabomba yapite.

Mwenye kifungu kilichomsaidia kwenye hayo mawili, naomba anipe maneno yake kamili.