MJADALA: Nyumba mnagawana kwa mchango, deni abaki nalo nani?

Mtoa mada (Morogoro)

Wakuu, habari za leo. Ndoa ikivunjika, ugomvi tunaousikia ni wa nyumba, viwanja, gari na mifugo. Nani alinunua, nani alikuwa anapika, nani alisimamia mafundi. Madeni hayatajwi. Yanaibuka siku dalali anabandika tangazo la mnada getini, wakati hukumu ya mgawanyo ilishatoka na kila mmoja anajua ana asilimia ngapi ya nyumba ambayo bado iko rehani benki.

Naweka msimamo wangu mapema. Deni ambalo pesa yake iliingia kwenye familia litolewe kwanza kwenye thamani ya mali, kinachobaki ndicho kigawanywe. Deni ambalo mmoja alilikopa kwa siri na nyumbani hawakuona faida yake, abaki nalo aliyekopa. Na anayedai kwamba deni lilikuwa la familia ndiye alete uthibitisho.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama inapogawa mali iangalie mila za jamii ya wanandoa, mchango wa kila mmoja uwe wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya hapo ielekee kwenye usawa. Kwa hiyo madeni yamo, yameandikwa tangu wengi wetu hatujazaliwa. Lakini mchango ndio uliojengewa hoja miaka yote, hasa tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani iliposema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Tunaikumbuka kwa hilo, tunasahau kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu: mahakama iliona mumewe alishampa fedha za kuanzishia mradi naye akazitapanya. Yaani hata kwenye kesi mama ya mchango, majaji waliuliza pesa ilikwenda wapi. Swali hilohilo nataka liulizwe kwa kila mkopo.

Tazameni hesabu. Nyumba ina thamani ya milioni 60, benki bado inadai milioni 20. Mahakama imeona mume alichangia asilimia 70, mke 30. Ukitoa deni kwanza zinabaki milioni 40: mume 28, mke 12. Sasa gawa nyumba kwa mchango halafu deni nusu kwa nusu. Mume anapata 42, anatoa 10, anabaki na 32. Mke anapata 18, anatoa 10, anabaki na 8. Milioni 4 zimetoka kwa mwenye fungu dogo kwenda kwa mwenye fungu kubwa. Na mkilisahau deni kabisa, na mkopo uko kwa jina la mume? Mume anatoa 20 zote kwenye 42 zake, anabaki na 22, mke anaondoka na 18 kamili. Hapo anayeumia ni mume. Msidhani basi naandika kumtetea mmoja.

Hesabu ya pili sikuitunga, ndiyo sheria ya majirani zetu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya 2013, kifungu cha 7, inagawa mali kwa mchango. Kifungu cha 10 kinasema madeni yaliyokopwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa wanandoa wanayabeba sawa kwa sawa. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, kwenye kesi ya JOO dhidi ya MBO, ikasisitiza kwamba nusu kwa nusu ya mali haiji yenyewe, kila mmoja athibitishe alichochangia. Mali uthibitishe, deni nusu ni lako. Mimi naona huo ni uonevu. Karibuni.

Mchangiaji (Mwanza)

Mkuu, hapo kwenye "alete uthibitisho" ndipo tunapoachana. Mimi ni mwalimu. Nimekopa kwa mshahara mara mbili, mkopo wa kwanza msingi na kuta, wa pili kupaua na madirisha. Fundi unamlipa mkononi, mchanga unaletewa na lori la mtu usiyemjua jina. Nani anajenga nyumba yake huku anatunza ushahidi wa talaka? Leo mwenzangu anasema mbele ya hakimu kwamba nyumba anaijua, mikopo haijui. Mwisho wa mwezi makato yanapita kwangu peke yangu, na yataendelea kupita miaka mitatu baada ya talaka.

Mtoa mada

Mwalimu, pole, na ile hesabu yangu ya tatu ndiyo yako. Uthibitisho haumaanishi risiti ya kila mfuko wa saruji. Hii ni kesi ya madai, hakimu anapima upande upi una uzito zaidi. Taarifa ya benki ikionyesha mkopo uliingia mwezi wa nne na bati zikapanda mwezi wa tano, fundi akaja akasema alilipwa na nani, hapo mahakama ina cha kushika. Mwenzako naye aulizwe: bati alidhani zimetoka wapi? Lakini mkopo uliochukuliwa mwaka ambao ujenzi ulikuwa umesimama, na hakuna hata ada iliyolipwa nao, usitake tuuite wa familia kwa sababu tu ulikuwa na pete kidoleni ulipousaini.

Mchangiaji (Tanga)

Kaka zangu, nyie mnaongelea mishahara. Huku chini wanawake wanakopa vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, na kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Mtu anachukua laki tano, anarejesha kila wiki, na mume hajui. Kwa maneno yako, mtoa mada, huyo amekopa kwa siri. Lakini laki tano yenyewe ilikuwa unga, dawa na sare za shule, kwa sababu baba mtu alikuwa haachi hela ya matumizi. Siku akigundua anasema "sikukutuma", anaandika talaka, na wale wa marejesho wanakuja kubeba godoro na jiko la mama. Huyo tumwambie abaki na deni lake?

Mtoa mada

Hapana, dada yangu. Nashukuru umelileta, maana ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilisema siri pamoja na familia kutoona faida, vyote viwili kwa wakati mmoja. Siri peke yake haimhukumu mtu, maana wapo waliokopa kimya kimya kwa sababu wakisema wanapigwa.

Nilipokuwa mjumbe wa baraza la usuluhishi la kata, alikuja mama mmoja na daftari la kaunta. Upande wa kushoto aliandika kila rejesho la kikundi na sahihi ya mhasibu wao. Upande wa kulia, kwa peni nyekundu, kila mkopo ulivyotumika: ada muhula wa pili, Panadol na maji ya drip, nauli ya mazishi ya mama mkwe. Mume alisoma ukurasa mmoja akanyamaza, maana nauli ile alikuwa ameipanda yeye. Sisi baraza kazi yetu ni kusuluhisha, tukishindwa tunaandika Fomu Namba 3 waende mahakamani, madeni hatugawi. Lakini nilijua lile daftari ni ushahidi mzito kuliko maneno ya mashahidi wake wote.

Na sheria iko upande wake kuliko wengi wanavyofikiri. Kifungu cha 63 cha ileile Sheria ya Ndoa ya 1971 kinampa mume wajibu wa kumtunza mkewe. Kifungu cha 64 kinakwenda mbele zaidi, kinamchukulia mke kuwa ana idhini ya kukopa kwa jina la mume mahitaji ya lazima, yake na ya watoto wadogo. Deni la unga na dawa ni deni la mume kabla hata hatujafika kwenye talaka. Anayesema "sikukutuma" alitumwa na wajibu wake akakaa.

Mchangiaji, wakili (Dar es Salaam)

Ndugu zangu, mnagawana deni kana kwamba mkopeshaji amekubali. Amri ya mgawanyo inawafunga wanandoa, benki haimo kwenye shauri lenu. Kama mlisaini wote kama wakopaji, benki inaweza kumfuata yeyote kwa deni lote, hata kama hakimu alisema wewe ni asilimia 30 tu. Utalipa, kisha utamfuata mwenzako akurudishie.

Pia kuna sahihi tatu ambazo watu wanazichanganya. Mkopaji anadaiwa. Mdhamini anadaiwa mkopaji akishindwa. Aliyetoa ridhaa tu, nyumba ya ndoa iwekwe rehani kama Sheria ya Ardhi ya 1999 inavyotaka, yeye mwenyewe hadaiwi ila anaweza kuipoteza nyumba. Nimepokea wateja waliosaini bila kujua ni ipi kati ya hizo tatu. Na wapo wanaume wanaokula kiapo kwamba hawajaoa ili ridhaa isiulizwe.

La mwisho, deni lisipotajwa kwenye madai halina pa kuingilia. Watu wanakwenda Mahakama ya Mwanzo na orodha ndefu ya mali hadi masufuria, ya madeni hawana. Wakifika kwenye rufaa ndipo wanakumbuka.

Mchangiaji (Mombasa)

Mwatusema sana Wakenya, lakini hamkusema kuwa kifungu cha 3 cha sheria hiyohiyo kinamruhusu Muislamu kufuata sharia. Kwetu mali ya mke ni yake na deni la mume ni la mume. Mke halipishwi deni ambalo hakukopa. Na mbona hakuna aliyetaja mahari? Mahari iliyobaki ni deni juu ya mume, lalipwa. Mwahesabu benki, mwahesabu chama, deni la mwanzo kabisa la ndoa mwaliruka.

Na hao wanaogawa sawa kwa sawa pia wana hoja. Watu wawili wakiingia mkopo pamoja wameshikana mkono, hatari ni yao wote. Ukianza kupima asilimia za deni, kila mume atasema mke alichangia kidogo kwenye mali na mengi kwenye deni.

Mtoa mada

Ndugu wa Mombasa, kwenye mahari umenipata. Iliyobaki iwe juu kabisa ya orodha, na isichanganywe na fungu la mke kwenye nyumba kama wengine wanavyofanya.

Kwenye kushikana mkono sikubali. Kama hatari ni ya wote sawa, basi na nyumba iwe ya wote sawa. Nipe nusu ya mali nibebe nusu ya deni, sina neno. Ninachokataa ni mtu kuambiwa alikuwa na asilimia 30 ya jasho na asilimia 50 ya mzigo. Hofu yako kwamba waume watamsingizia mke madeni ndiyo sababu nasema uwiano wa deni usipimwe peke yake. Ukishapata uwiano wa mali, huohuo utumike.

Wenye kufuata kanuni ya kila mtu na chake nawaheshimu, lakini waangalie maisha ya kweli. Mke anauza dhahabu zake mume anunue kiwanja, hati inatoka kwa jina la mume. Siku ya talaka kila mtu na chake inamaanisha dhahabu zimekwenda. Hapo nako kuna deni, mke anamdai mumewe, na liandikwe.

Mchangiaji (Dodoma)

Si kila mtu awe na akaunti yake na mikopo yake? Mnajipa kazi bure.

Mtoa mada

Mkuu, kifungu cha 58 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu kila mmoja awe na mali yake, hakuna anayekukataza. Ila mtoto akilazwa usiku, mnatumia akaunti ya nani?

Mchangiaji (Mwanza)

Nikubaliane na mtoa mada kwamba deni litoke kwanza. Swali langu ni la vitendo. Tuseme mahakama imeamua mke abaki kwenye nyumba na watoto, mkopo uko kwa jina langu na mshahara wangu ndio unaokatwa. Benki ikikataa kuuhamishia kwake, nitaishi vipi?

Mtoa mada

Mwalimu, hapo ndipo ningependa mahakama zetu zibadilike, na halihitaji sheria mpya, linahitaji fomu. Pamoja na orodha ya mali, kila upande ujaze orodha ya madeni chini ya kiapo: nani anadai, lilikopwa lini, salio ni kiasi gani, pesa ilifanya nini. Aliyefungua shauri na aliyeshtakiwa wote waambatishe ripoti zao za taarifa za mikopo, ili mikopo iliyofichwa ionekane kabla ya hukumu.

Kwa yako wewe, kwanza ulizeni benki kwa maandishi kabla ya hukumu kama itamkubali mwenzako kuwa mkopaji mpya. Jibu lao lipelekwe kwa hakimu. Wakikubali, mkopo unaandikwa upya kwa jina lake na wewe unatoka. Wakikataa, yanabaki mawili. Nyumba iuzwe, benki ilipwe kwanza, mgawane kilichobaki kwa asilimia zenu. Au, kama watoto hawana pa kwenda, wewe uendelee kukatwa, lakini sehemu yake kwenye kila rejesho iandikwe kwenye amri kama fedha unayomdai, itakatwa kwenye fungu lake nyumba itakapouzwa. Isipoandikwa, miaka mitatu hiyo utakuwa unamlipia mtu nyumba na huna karatasi ya kuonyesha.

Wakili wa Dar, na yeyote aliyewahi kufanikiwa kuhamisha mkopo wa nyumba kutoka kwa mwenza mmoja kwenda kwa mwingine wakati wa talaka: benki ilidai nyaraka gani, na ilichukua muda gani? Usitaje jina la benki, eleza hatua tu. Mwalimu anahitaji jibu kabla ya tarehe yake ya mahakama.